Jina Lenye Harufu ya Karafuu

 

Wiki hii nataka kuzungumza juu ya mcheza sinema mmoja wa Uingereza. Najua wapo watakaoguna. Watasema, bwana huyu naye, watu tunawaza mbolea na ada za shule, yeye anatuletea habari za wacheza sinema wa Ulaya. Naomba subira, kwa maana mtu huyu si wa mbali kama mnavyodhani. Jina analotumia limetoka katika mashamba ya Unguja na Pemba. Ni jina la karafuu.

Mwigizaji huyo ni Ben Kingsley. Walio na umri wa kunizidi, na hata rika langu, wanamfahamu kwa sinema moja tu: ni yule aliyecheza kama Mahatma Gandhi. Vijana wa leo wamemwona katika sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu, akiwa na ndevu na vazi refu. Lakini ukimuuliza kijana au mzee, "Huyu bwana ni wa wapi?" mmoja atasema Mhindi, mwingine Mzungu, wa tatu Mwarabu. Wote wana sababu ya kusema hivyo, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1943 katika kijiji cha Snainton, jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Jina alilopewa na wazazi wake ni Krishna Bhanji. Mama yake alikuwa Mwingereza, naye aliwahi kuwa mwigizaji na mwanamitindo. Baba yake, Rahimtulla Harji Bhanji, alikuwa daktari. Daktari huyo alizaliwa Kenya, katika ukoo wa Makhoja wa Kiismailia wenye asili ya Gujarati, na akalelewa Zanzibar mpaka alipofika umri wa miaka 14, ndipo akapelekwa Uingereza kusoma. Na kwa nini familia ilikuwa Zanzibar? Kwa sababu babu yake Krishna alitoka Bara Hindi akaja visiwani kufanya biashara ya viungo, akafanikiwa sana, hata watu wakampachika jina la utani: Mfalme wa Karafuu.

Hapo tusimame kidogo. Sisi wa Nyanda za Juu karafuu tunaiona sokoni ikipimwa kwa kijiko cha chai, tunaitia katika pilau ya sikukuu, basi. Lakini ilikuwa wakati ambapo kisiwa cha Pemba na mwenzake Unguja vilikuwa vinalisha dunia karafuu. Mikarafuu ilipandwa kwa wingi enzi za Sultani Seyyid Said, karne ya 19, na waliopalilia na kuchuma walikuwa watumwa, wengi wao wakitoka huku bara, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Baada ya hapo wachumaji waliendelea kupanda miti ile kwa ujira mdogo, wakivuta matawi, wakianika majamvini, na wafanyabiashara wakinunua na kupakia melini. Kwa hiyo tunapomtaja Mfalme wa Karafuu tukumbuke kwamba kila mfalme ana watu wake chini. Huyu alikuwa hodari wa kununua na kuuza. Jasho la kupanda juu ya mti lilikuwa la wengine, na hao majina yao hayakuandikwa popote.

Tumrudie mjukuu. Alikulia Pendlebury, karibu na Salford na Manchester, mahali ambapo baba yake alikuwa akitibu wagonjwa. Alisoma katika shule ya Manchester Grammar. Mmoja wa aliosoma nao shuleni hapo ni Robert Powell, ambaye mwaka 1977 alicheza kama Yesu katika sinema ya Yesu wa Nazareti. Picha za Powell akiwa katika sura hiyo zimetundikwa katika nyumba nyingi, na wengine wanazisalia bila kujua kuwa ni mcheza sinema wa Kiingereza. Basi shule moja ilitoa vijana wawili: mmoja akaja kuvaa sura ya Yesu, mwingine sura ya Gandhi. Walimu wao sijui kama waliota jambo kama hilo.

Krishna alianza kazi ya jukwaani miaka ya 1960. Na hapa ndipo linapokuja jambo la jina. Yeye mwenyewe amelieleza mara nyingi katika mahojiano. Alikwenda kwenye usaili kama Krishna Bhanji. Wakamsikiliza, wakamsifu kuwa ameigiza vizuri sana, kisha wakamwambia kwamba hawajui wamweke wapi katika maonyesho yao yanayokuja. Akabadili jina, akaenda kwa wengine, nao wakamuuliza ataanza kazi lini. Mtu alikuwa yule yule, sauti ile ile, na uso haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maandishi yaliyokuwa juu ya karatasi.

Lile jina jipya alilipata wapi? Baba yake alikuwa akiitwa Ben, na babu alikuwa Mfalme wa Karafuu. Neno la Kiingereza la mfalme ni "king". Akaliunganisha, akapata Ben Kingsley. Ukilisikia unafikiri ni jina la mwenye shamba la ng'ombe huko Yorkshire, kumbe ndani yake amekaa baba, na amekaa babu na magunia yake ya karafuu. Baba yake hakumpinga. Alimuunga mkono.

Nimelileta jambo hili kwa sababu ya barua. Kijana mmoja wa hapa Mbalizi, ambaye ni mwanachama wa kikundi cha maigizo na ameshacheza katika filamu mbili tatu za kienyeji, ameniandikia. Anasema alikwenda Dar es Salaam kujaribu bahati, akaigiza mbele ya mwongozaji mmoja, akasifiwa. Halafu akaambiwa jina lake ni la kijijini mno na halitauza, atafute la kisasa. Jina hilo linaanza na "Mwa", kama majina ya wengi wetu huku. Anauliza: "Kaka mtangazaji, nibadili au nisibadili? Baba amesema nikibadili nisirudi nyumbani."

Nimekaa na barua hiyo kwa siku kadhaa. Jibu la haraka lipo, na wahenga wametuachia: mwacha asili ni mtumwa. Ningeweza kumwandikia maneno hayo manne nikamaliza kazi. Lakini methali nayo hutaka kupimwa kwa mtu, na mtu wa kuipimia, nikaona, ni huyu mjukuu wa karafuu. Tuangalie basi alifanya nini baada ya mlango kufunguka.

Mwaka 1967 alijiunga na Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la maigizo ya jukwaani huko Uingereza, akalitumikia kwa miaka mingi. Mwaka 1970 alikuwa katika mchezo wa Shakespeare ulioongozwa na Peter Brook, na mwaka 1975 akacheza Hamlet. Hii nataka vijana wetu waisikie vizuri. Watu wanadhani alizaliwa siku ya Gandhi. Kabla ya hapo alikuwa na zaidi ya miaka 10 ya jukwaa, usiku baada ya usiku, akijifunza kutamka, kusimama, kunyamaza. Sinema yake ya kwanza, Fear Is the Key, ilitoka mwaka 1972, na ukiiangalia hutadhani kwamba huyu ndiye atakayekuja kutikisa dunia.

Kisha ikaja ile ya Gandhi. Mwongozaji wake, Richard Attenborough, alihangaika nayo kwa karibu miaka 20, tangu mwaka 1962. Mara fedha hakuna, mara ruhusa hakuna. Katika miaka hiyo majina ya waigizaji wakubwa wa Kizungu yalitajwa kwa nafasi ya Gandhi. Mwisho aliyepata kazi ni Kingsley, mtu ambaye watazamaji wengi wa sinema walikuwa hawamjui. Damu ya baba yake ilikuwa ya Kigujarati kama ya Gandhi mwenyewe. Yaani jina la Kihindi lilimnyima kazi, akachukua jina la Kiingereza, na jina la Kiingereza likamfikisha kwenye nafasi ya Mhindi mashuhuri kuliko wote! Yeye mwenyewe hulicheka jambo hilo.

Alijiandaa kama anayekwenda jandoni. Alipunguza uzito, akajifunza kusokota pamba kwa gurudumu la mkono, akasoma na kutazama picha za marehemu mpaka mwendo ukamwingia. Upigaji picha ulianza Novemba 1980 ukamalizika Mei 1981. Sehemu ya mazishi ilipigwa Delhi tarehe 31 Januari 1981, siku iliyotimiza miaka 33 tangu mazishi yenyewe, na watu waliojitokeza walizidi 300,000. Sinema ilitoka mwaka 1982. Mwaka 1983 ikapata tuzo 8 za Oscar, na ya mwigizaji bora wa kiume ikaenda kwa Kingsley. Serikali ya India nayo ikamtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 1984.

Sinema hiyo niliiona hapa Mbalizi mwaka 1996, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, katika banda la video lililoezekwa kwa mabati, kiingilio shilingi 50. Wengi wetu tulikuwa tumefuata sinema ya vita. Mwenye banda alikuwa ameazima mikanda kwa mtu mjini, akaletewa hii, mikanda miwili kwa sababu ni ndefu, saa tatu na zaidi. Vijana walipiga miluzi. Mtu mwembamba, hana bunduki, anapigwa harudishi! Wengine walidai fedha zao, wakatoka.

Mbele alikuwa amekaa mzee mmoja ambaye sote tulimjua. Ujana wake aliumalizia katika migodi ya Afrika Kusini, alikokwenda kwa Wenela, kama walivyokwenda wanaume wengi wa huku kabla ya Uhuru. Gandhi alipotupwa nje ya behewa la treni kwa sababu ya rangi yake, mzee yule alisimama. Akasema kwa sauti, "Kweli kabisa. Mimi nimepanda treni hizo." Banda zima likanyamaza. Mwenye banda akarudisha mkanda nyuma, tukaitazama tena sehemu ile. Wale waliobaki wakabaki mpaka mkanda wa pili ulipokwisha.

Tulipotoka, mzee akaniuliza, "Kijana, wewe umesoma. Hivi sisi tulikuwa wapi humo ndani?" Sikuwa na jibu. Ni kweli, katika sehemu ya Afrika Kusini ya sinema ile, Waafrika wenye nchi karibu hawana la kusema. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama sinema kwa swali la mzee yule: ni nani yumo, nani hayumo, na ni nani aliyeamua?

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme jambo ambalo wengi hawalijui. Gandhi wa kweli alipokuwa akisafiri kwenda Afrika Kusini mwaka 1893, wakili kijana wa miaka 23, meli yake ilitia nanga Lamu, ikapita Mombasa, ikafika Zanzibar. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza kwamba Zanzibar walikaa siku nane au kumi hivi, kisha akabadili meli. Na miaka mingi baadaye, mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar walipogombana na serikali ya Waingereza juu ya sheria za biashara ya karafuu, chama cha Congress huko India kiliwaunga mkono, kikatangaza watu wasinunue karafuu za Zanzibar. Mgogoro ulimalizika mwaka 1938 kwa mapatano. Kwa hiyo Gandhi, Zanzibar na karafuu walikwishakutana kabla mjukuu wa Mfalme wa Karafuu hajazaliwa.

Baada ya Gandhi ulikuwapo mtego. Mwigizaji akipata sura moja iliyopendwa, watu humtaka aivae mpaka kaburini. Kingsley aliukwepa. Mwaka 1991, katika Bugsy, akacheza mkuu wa wahuni wa Marekani, Meyer Lansky. Mwaka 1993 akacheza Itzhak Stern katika Schindler's List ya Steven Spielberg, yule karani Myahudi aliyekuwa akiandika majina ya wafanyakazi ili wasipelekwe kuuawa na Wanazi. Mwangalieni tena katika sinema hiyo. Hapigi kelele. Anashika kalamu na karatasi, na unaona kwamba roho za watu zimo katika ile karatasi. Mwaka 2000, katika Sexy Beast, yule yule aliyekuwa mtume wa amani akageuka jambazi wa London mwenye mdomo mchafu, macho hayapepesi, mtazamaji unatamani kutoka chumbani.

Lakini ile ninayoipenda kuliko zote ni House of Sand and Fog ya mwaka 2003. Anacheza kanali wa jeshi la Iran aliyekimbia nchi yake akaenda kuishi Marekani. Mchana anafanya kibarua cha barabara. Jioni anaingia katika choo cha hoteli, ananawa, anavaa suti, ili afike nyumbani akiwa mheshimiwa. Wangapi kati yetu tuna ndugu ughaibuni wanaotuma picha wakiwa na suti, na hatujui wanaivulia wapi? Kwa Bugsy, Sexy Beast na hii ya kanali alitajwa tena kuwania Oscar. Jumla ni mara nne, akashinda moja.

Amecheza pia Simon Wiesenthal, mwindaji wa Wanazi, mwaka 1989. Mwaka 2001 akacheza Otto Frank, baba wa yule binti Anne aliyeacha kitabu cha kumbukumbu. Kisha mwaka 2018, katika Operation Finale, akageuka upande wa pili akacheza Adolf Eichmann, Mnazi aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, akakamatwa Argentina mwaka 1960. Aliyewabeba waliodhulumiwa akambeba na mdhalimu. Hiyo ni kazi nzito, kwa sababu muuaji ukimcheza kama shetani mwenye pembe unamsaidia: unamwambia mtazamaji kwamba watu wa kawaida hawawezi kufanya vile.

Haina maana kwamba kila alichogusa kilikuwa dhahabu. Zipo sinema zake hafifu, kama BloodRayne ya mwaka 2005, ambayo wachambuzi waliiponda bila huruma. Mkulima naye hupanda mahindi msimu wa mvua haba.

Malkia wa Uingereza alimpa heshima ya Sir, iliyotangazwa katika orodha ya mwaka mpya wa 2002. Kukazuka maneno pale tangazo la sinema moja ya mwaka 2006 lilipoandika "Sir" mbele ya jina lake, watu wakasema anajikweza. Mimi nilicheka. Mtu aliyenyimwa kazi kwa jina lake la kwanza, leo watu wanagombana kwa sababu jina lake limeongezwa herufi tatu!

Na mwaka 2013 katika Iron Man 3 akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kicheko chake kwa wale wa usaili wa ujanani. Anaonekana kwanza kama gaidi wa kutisha, ndevu, pete vidoleni, sauti nzito isiyojulikana ni ya nchi gani. Baadaye tunagundua kwamba gaidi hakuna. Ni mwigizaji mlevi wa Kiingereza, hana kazi, amekodishwa kuvaa sura ya mgeni wa kutisha kwa sababu kuna watu walihitaji wananchi waogope. Utani ule una ukweli wake: mgeni wa kutisha mara nyingi hushonewa na fundi wa hapo hapo.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa Mbalizi. Mdogo wangu, Kingsley hayuko peke yake. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alikwenda Uingereza akawa Freddie Mercury, na dunia ikaimba naye. Hao walikuwa wa zama zao. Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi katika ajira mwaka 1968, lakini sheria haiwezi kukaa kwenye kila chumba cha usaili.

Watazame na waliokuja baadaye. Lupita Nyong'o, binti wa wazazi wa Kenya, alipata Oscar mwaka 2014 akiwa na jina lake lile lile lenye "ny" na "ng'", Wamarekani wakajifunza kulitamka wakitaka wasitake. Daniel Kaluuya alizaliwa London mwaka 1989, wazazi wake ni wa Uganda. Ni mwigizaji wa Kiingereza kama Kingsley. Mwaka 2017 alikuwa mhusika mkuu katika sinema ya Get Out, na mwaka 2021 akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa Judas and the Black Messiah. Jina lake la Kiganda limeandikwa kwenye tuzo ile herufi kwa herufi. Kati ya Krishna Bhanji na Daniel Kaluuya kuna kama nusu karne. Mlango ule ule, jina la kigeni vile vile, ila wa pili alipita nalo.

Basi tusimlaumu aliyevua jina ili apate kupita. Tumuulize aliyejenga mlango mwembamba. Na hapo ndipo panaponiuma, kwa maana Kingsley alikataliwa ugenini, katika nchi ya watu waliokuwa wakitawala sehemu kubwa ya dunia. Wewe mdogo wangu umekataliwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, na Mtanzania mwenzako.

Si jambo geni. Nilipomaliza stashahada yangu ya uandishi wa habari niliomba kazi katika kituo kimoja cha redio. Sikitaji, na waliokuwapo wakati huo wameshatawanyika. Nilisomewa matokeo ya majaribio: sauti nzuri, lakini jina ni refu linaumiza ulimi, na "r" zangu zinageuka "l". Nikashauriwa nitafute jina fupi la kupendeza. Niliondoka na jina langu lenye silabi tano, nikaenda kwingine. Zile "r" nilizifanyia mazoezi miezi sita, kwa sababu matamshi ni kazi ya mtangazaji, na anayenisahihisha matamshi ananifundisha kazi. Anayenisahihisha ukoo ananifundisha nini?

Tazameni vichekesho vyetu. Akitakiwa mlinzi wa geti, mshamba, au mtu wa kudanganywa mjini, anapewa lafudhi ya kwetu au ya watani wetu wa mikoa mingine ya bara. Akitakiwa tajiri, mpenzi au mwanasheria, lafudhi ni ya pwani na jina ni la kwenye majarida. Tunacheka, na mimi hucheka. Lakini mtoto wa Ifisi au Utengule anayetazama anapata somo kwamba mtu kama baba yake hawezi kuwa hakimu katika filamu. Lile swali la mzee wa Wenela limerudi, na safari hii sinema ni yetu: sisi tuko wapi humo ndani?

Ushauri wangu kwa kijana ni huu. Kwanza, usibadili jina kwa sababu umeaibishwa nalo. Aibu ni mshauri mbaya, leo itakuvua jina, kesho itakuvua mama yako. Pili, ukiona huna budi, kwa kuwa njaa nayo ina sauti, fanya kama Kingsley: usiokote jina barabarani. Kaa na baba yako, muulize babu aliitwaje alipokuwa akicheza ngoma au akifua vyuma, muulize bibi alimwita nani akiwa na furaha. Jina la kisanii unaweza kulipata huko, fupi, tamu, na la nyumbani. Baba aliyeshirikishwa hafukuzi mtoto. Tatu, na hili ndilo kubwa, jiandae miaka 10. Jina halijawahi kumfundisha mtu kuigiza. Kilichomfikisha Kingsley kwa Gandhi ni zile jioni nyingi za jukwaani, wakati hakuna aliyekuwa akimpigia picha.

Na kwenu waongozaji na wenye vituo vya redio na televisheni: akija kijana na jina refu kutoka milimani, msikilizeni kwanza. Akiigiza vibaya mrudisheni nyumbani bila haya. Akiigiza vizuri, jifunzeni kulitamka jina lake. Wamarekani wameiweza "Nyong'o", ninyi mtashindwaje "Mwa"?

Ben Kingsley alitimiza miaka 80 mwishoni mwa mwaka 2023, akiwa bado anaigiza. Sina habari kama mashamba ya Pemba yanamfahamu. Lakini wewe ukiona jina hilo linapita kwenye kioo, mwambie aliyekaa pembeni yako kwamba ndani yake kuna karafuu, na kwamba kuna mtu aliyepanda juu ya mti kuichuma.